Upole wa Wenceslao

Wenceslao alimwaga tena. Maji ya barafu yalipita kushoto mwa kikombe yakamlowesha goti, naye akacheka, akamimina upya, akampa mkewe kwanza.

Ermelinda alipokea terere yake, chai baridi ya majani machungu. Miaka yote ya ndoa kumimina kulikuwa kazi yake, na majani yakizidi uchungu, kikombe kilimrukia usoni.

"Hebu sema ukweli," Obdulia, jirani yao, alimchokoza uani. "Umemlisha nini huyu? Nami nikamlishe wangu."

"Kaulize hospitali, shoga yangu."

Hakuwa akitania sana. Huko Asunción, mji mkuu, madaktari walipitisha mrija mwembamba kutoka pajani mwa Wenceslao hadi kichwani, wakaziba kwa waya laini mshipa uliovimba ukitaka kupasuka. Alirudi nyumbani Villarrica mtu mwingine. Alimwita mkewe mpenzi. Alimwomba radhi kwa jino alilomvunja, akalia mpaka akashikwa na kwikwi.

Kisha homa ikaja.

Nesi alikuwa amemwonya Ermelinda siku ya kuruhusiwa: "Ule waya ni kitu kigeni mwilini, mama. Wadudu wakiufuata, ubongo utafanya usaha. Akipata homa, au akibadilika tabia, mlete mbio."

Akibadilika tabia. Kumbe upole wenyewe ndio ugonjwa! Wakimtibu, watamrudishia yule wa zamani.

Hakumpeleka. Kila asubuhi alitwanga majani ya homa, akayatia kwenye maji ya terere, na jasho lilipomtoka mumewe alijidanganya kuwa ni nafuu. Binti yao Nidia alipopiga simu, alimjibu, "Baba yako hajambo, anakula vizuri." Alijichukia kwa uongo ule. Lakini alikuwa na furaha, mwanamke huyu ambaye hakuwahi kuionja, na aliitaka iendelee japo kidogo.

"Mbona mihogo hujaigusa?" alimuuliza mumewe mezani.

"Mihogo ipi, mpenzi?"

Ilikuwa palepale kwenye sahani, upande wa kushoto. Ermelinda aliigeuza sahani, naye akaila yote, akamshukuru.

Jumapili Nidia alikuja kuwatembelea, akamkuta baba yake sakafuni anatetemeka, macho yamepinduka. Hakuomba ruhusa ya mtu. Alimpakia kwenye gari la jirani hadi Asunción, na huko Wenceslao akafa kabla madaktari hawajamaliza kumtoa usaha.

Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, aliwaita ofisini awaonyeshe picha ya ubongo. "Angeletwa homa ilipoanza," alisema, "angepona."

Hapo Ermelinda alishindwa kuvumilia, akasema yote: homa, majani, simu, na sababu yake. Nidia aliuachia mkono wa mama yake.

"Angepona angerudi kunipiga," Ermelinda alisema huku analia. "Si huo usaha ndio uliomfanya mpole, daktari?"

Daktari alimtazama Nidia, kisha akaitazama picha. Aliweka kidole nyuma kabisa ya kichwa.

"Usaha ulikuwa hapa tu, mama, sehemu ya kuona. Ulimnyima kuona upande wa kushoto. Tabia yake haukuigusa."