Kofia ya Ijumaa

Mkono wa muuza bhajia ulikuwa umeshaushika ukurasa wenye ramani pale Aidarus alipopiga ukelele.

"Usichane, mama! Wallahi usichane!"

Foleni nzima ikamgeukia. Hakujali. Tangu ujana wake anakusanya vitabu vya mapigano ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na seti yake ilipungukiwa juzuu moja tu. Nayo ndiyo hii, hapa Utange, imelazwa kando ya karai, inachanwa kufungia bhajia.

"Niuzie hicho kitabu."

"Nikikuuzia, hawa niwafungie nini? Sina karatasi nyingine, mzee."

"Basi wote nawaalika mimi. Tutakula papa hapa."

Foleni ikashangilia. Muuza bhajia akacheka, mwiko juu.

"Zinatoka motoni hizi. Utawapokelea na nini?"

Aidarus akajipapasa kanzu. Hakuwa na kitu. Ramani bado ilikuwa safi, mito ya buluu, majeshi ya vishale vyekundu, ila tone la mafuta lilikuwa likinyemelea pembeni.

Akavua kofia. Kofia ya vito vya kudarizi, nyeupe kama maziwa, aliyoshonewa na mkewe tundu kwa tundu, akaambiwa ni ya Ijumaa na Idi, basi. Akaipindua, akaikinga kwa mikono miwili.

"Tia humu."

Muuza bhajia akaitazama kofia, kisha akamtazama mwenyewe.

"Na ukwaju je?"

Aidarus akaisogeza kofia karibu na karai.

"Tia na ukwaju."