Nyuma ya Kabati

Walipolivuta kabati la nguo, harufu ya unyevu iliwapiga puani kabla hawajaona kitu. Kisha wakaona. Kuanzia sakafuni hadi usawa wa kifua, ukuta ulikuwa umeota ukungu mweusi wenye manyoya, na mgongo wa kabati vilevile. Kitanda cha mtoto kilikuwa pale pale pembeni.

Mke alisugua kwa kitambaa chenye siki. Kitambaa kikatoka cheusi tii.

"Kumbe," alisema mume.

"Kumbe nini? Malizia."

Wote wawili walikuwa wanamfikiria paka wa bibi jirani. Mwezi uliopita walimwendea bibi wakamwambia, kwa adabu zote, kwamba manyoya ya paka wake ndiyo yanayombana mtoto kifua. Bibi hakubishana. Alimtia paka kikapuni, akampeleka kwa watu wa mbali, akarudi kukaa peke yake. Kisahani cha maziwa bado kipo mlangoni kwake.

Kikohozi cha mtoto hakikuondoka na paka.

Mara bibi mwenyewe akapiga hodi.

"Wanangu, mjukuu wangu ameamkaje? Kifua kimetulia?"

Mume akaweka bega kwenye kabati. "Nisaidie tulirudishe," alinong'ona. "Yaliyopita si ndwele."

"Hayo aseme aliyekosewa, si sisi tuliokosa."

Mke akafuta jasho kwa kiwiko, kitambaa bado mkononi.

"Karibu, bibi! Usikae hapo sebuleni. Pita moja kwa moja, njoo huku chumbani."