Waliosusia Jiwe la Fisi

Mimi Korongo, miguu mirefu akili fupi, nilirudi safari nikapiga kelele mlangoni kwa rafiki yangu Kobe: "Toka, mvivu wee, nimekuletea tikiti." Akatoka mkewe, amejifunga kaniki ya msiba.

Kwetu uzazi na vifo hutangazwa kwenye jiwe la Fisi, ambalo sauti yake hufika hata ughaibuni. Fisi aliporuhusu wafiwa watukanwe hapo, wanyama tulisusa sote, hata mimi huko ughaibuni. Akacheka: "Susa, wenzio twala."

"Msiba niliutangaza jiweni," alisema mjane. "Aliyeusikia ni Fisi tu. Ndiye aliyekuja na jembe, tukamzika sisi wawili tu."

"Lakini shemeji, tulisusa kwa ajili yenu wafiwa."

"Mlisusa jiwe, shemeji. Nyumba yangu mlikuwa mnaijua."