Uji wa Siku ya Pilau

Jiko liligoma kuwaka. Lilinusa sufuria ya uji aliyoiteleka Mwanasha, kisha likasema kwa bashasha, "Leo ni Siku ya Pilau! Mbona sisikii harufu ya viungo?"

Jana ilikuwa Siku ya Kaimati, na juzi Siku ya Samaki wa Kupaka. Mwaka mzima hapakuwa na siku isiyo na chakula chake, na majiko ya mji hayakukubali kupika kingine. Mwanasha alikuwa hoi. Mikono yake ilinuka vitunguu hata akitoka kuoga.

Chumbani alilala mama mkwe wake, Bi Riziki, ambaye tangu jana hakuwa ametia kitu tumboni. Mafuta yalikuwa yamemkinaisha.

"Mwanangu," aliita, "nipatie uji mtupu tu. Hata sukari usitie."

"Unakuja, mama."

Mwanasha akatwanga bizari, karafuu na mdalasini, akavimwaga juu ya kifuniko cha sufuria. Jiko likanusa, likafurahi, likawaka huku likiimba wimbo wake wa sherehe. Uji ukachemka chini ya kifuniko kile, naye akaupeleka chumbani ungali moto.

Bi Riziki aliinua bakuli hadi mdomoni, akasita. Akanusa harufu ya karafuu, kisha akalirudisha taratibu mikononi mwa mkwewe.

"Kumbe hata uji," alisema, "nao wameupa sikukuu?"

Kule jikoni, jiko lilikuwa likiwatakia heri ya Siku ya Pilau.