Matuta ya Shekigenda

Afisa aliyakagua matuta ya Shekigenda akiwa barabarani, asije akachafua viatu.

"Mzee, ruzuku hupati. Serikali inawalipa wanaoanza kuzuia udongo usimomonyoke. Wewe ulishamaliza."

"Nilimaliza miaka kumi na miwili iliyopita, kwa jembe langu. Udongo wangu haujashuka hata kiganja."

"Ndiyo tatizo lenyewe."

Jirani yake Hoza, ambaye nusu ya shamba lake ilikwishachukuliwa na mto, alikuwa ameshatia sahihi fomu ya ruzuku. Alicheka. "Bomoa mawili tu, kaka. Wapige picha, ulipwe, kisha ujenge tena."

Afisa hakukataa. Aligeukia mlima kama mtu asiyesikia.

Shekigenda alimkumbuka mkewe, anayehamisha kitanda kila mvua inyeshapo. Fedha hiyo ingetosha mabati. Akawatazama wale wawili, jirani mvivu na afisa mpumbavu, akaona haya kwa niaba yao.

Alichukua jembe akalitia mikononi mwa afisa.

"Haya, mwanangu. Mimi nilijenga. Bomoa wewe."

Afisa alibaki amelishika mbali na shati lake, akitafuta pa kukanyaga.