Sahani ya Glody

"Glody! Chakula!"

Jina lilipoitwa langoni mwa gereza, Papy aliinuka kwenye mkeka na kupangusa vumbi magotini. Glody alikuwa amekufa wiki tano zilizopita.

"Mufu anafufuka kila yenga," mlinzi Georges alimtania akimfungulia. "Na kila yenga iko na njaa."

Papy alipita langoni. Yenga hii, Jumapili hii, alikuwa amekusudia kusema ukweli.

Alikuwa mtu wa Kasai. Ndugu zake walikuwa mbali, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumtembelea gerezani. Kwa miaka miwili Glody alimgawia nusu ya kila sahani iliyotoka kwa mama yake, Mama Eugénie, mtaa wa Kikula. Alimgawia pia kijitabu kisicho na jalada, cha mafundisho ya Buddha, na wakajifunza pamoja bila mwalimu: kuketi, kufuata pumzi, kuacha mawazo yaje na kuyaacha yaende.

"Njaa ikikuja, uisalimie jambo," Glody alikuwa akisema. "Usiipatie kiti."

Kisha ikaja homa. Jumanne Glody alipelekwa hospitali ya mjini. Ijumaa Georges akaleta habari fupi: amekufa. Jumapili jina lake likaitwa langoni kama kawaida, na hapo Papy akatambua kwamba mama hajaambiwa.

"Weye rafiki yake, weye umuambie," Georges alimwambia.

Alimkuta Mama Eugénie ameketi kwenye benchi, sahani imefungwa kwa kitambaa mapajani, kilemba kimeshuka hadi kwenye nyusi. Ilikuwa Juni, baridi kali. Papy akaketi kando yake.

"Glody iko anatumika kazi, Mama. Ananituma minye."

Mama alimtazama usoni. Kisha akafungua sahani.

Jumapili ya pili pilipili ilimkohoza Papy mpaka machozi yakamtoka. Ya tatu, chakula hakikuwa na pilipili hata kidogo. Alikula kwa aibu, maana Glody hakuweza kumeza kitu bila pilipili.

Mama Eugénie hakuuliza habari za mwanawe. Aliuliza mengine. "Unalala muzuri? Juu ya nini unakonda hivi? Ile blanketi ingali iko?" Papy alishukuru moyoni kwa kuwa haulizwi lile moja, kisha akajichukia kwa kushukuru.

Kila asubuhi aliketi, akafuata pumzi. Njaa ilikuja, ikaenda. Hasira ya kesi yake ilikuja, ikaenda. Ule uongo ulikuja, ukakaa. Aliutazama siku nyingi, polepole, hadi akaona kilichoushikilia. Ilikuwa sahani. Na nyuma ya sahani alikuwa mtu wa pekee duniani aliyemuuliza kama amelala. Siku atakaposema ukweli, vyote viwili vitaondoka pamoja.

Sasa kitambaa kilifunguliwa. Bukari, ugali wa mahindi, na mboga za lenga-lenga, na samaki wadogo wa kukaanga. Mvuke ulimpiga usoni. Papy alivuta pumzi moja, ya pili, ya tatu. Akaisukuma sahani upande wa pili wa benchi.

"Sitakula, Mama."

"Chumvi inapita kipimo?"

"Hapana. Chakula iko muzuri." Aliificha mikono chini ya mapaja. "Mama, kisha kusikia hii neno hautarudi tena hapa. Na iko haki yako."

"Sema, mutoto."

"Glody hatumike. Glody alikufa. Alikufa ku hopitali, mbele ya yenga ile ya kwanza. Minye nilikudanganya, Mama. Yenga zote hizi, juu ya bukari."

Aliinamisha kichwa akingoja kilio. Kwenye benchi la jirani mtoto alikuwa akicheka na baba yake. Mama Eugénie hakulia. Aligusa ubavu wa sahani kwa kiganja, akaona bado ina joto, akaisogeza tena mbele ya Papy.

"Nilimufunga macho minye mwenyewe, kule ku hopitali," alisema. "Tulimuzika Jumamosi. Kesho yake nikapika, nikakuja kwako kwa jina yake. Kula, mutoto yangu, inapoa."