Miparachichi Minane ya Speciosa

Xavery, mtaalamu wa magonjwa ya miti, alikwangua gome la mti wa nane, akachungulia chini yake, akasema, "Huu nao mzima."

Speciosa aligeuka kutazama kama kuna jirani aliyesikia. Kitongoji kizima pale Nyakahura miparachichi ilikuwa inakauka kuanzia juu. Yake tu ndiyo iliyonawiri, na mjane mwenye miti mizima katikati ya miti iliyokufa hahitaji kuambiwa watu wanasema nini. Walishampa hadi mavuno ya mahindi awe amehama.

"Mwanangu, hiyo maabara yenu itasema ni nini?"

"Itasema, mama. Majibu nitaleta mwenyewe."

Speciosa aliishikilia ahadi hiyo miezi miwili. Ugonjwa ukishapata jina lake, alijiambia, wataacha kuuita kwa jina langu.

Majibu yalisomwa kwenye mkutano wa kitongoji. Xavery, na elimu yake yote, alisoma kwa furaha: ni kuvu mpya, haijawahi kuonekana popote duniani, hata jina bado haina.

Niyonzima, jirani wa Speciosa, alisimama. "Duniani kote haipo, ila hapa kwetu. Basi kuna aliyeileta."

Yeye hakumtazama mtu. Wengine wote walimtazama Speciosa, aliyekaa peke yake kwenye benchi la watu watano.

Xavery alijaribu kueleza, wakamwacha anaeleza. Mkutano ulipoisha Speciosa alimsindikiza hadi kwenye pikipiki.

"Na inahamaje, kutoka mti mmoja hadi mwingine?"

"Kwa panga zaidi. Ukikata mti mgonjwa kisha ukagusa mzima, umeshauambukiza. Jeraha dogo tu linatosha. Dawa hakuna, mama. Ila panga ukiliosha kwa jiki, unakinga."

"Jeraha dogo tu," alirudia Speciosa, na Xavery akafurahi kupata angalau mtu mmoja aliyemsikiliza.

Asubuhi yake Speciosa alimkuta Niyonzima akiangusha kwa panga mparachichi wake wa mwisho. Akaomba panga hilo, akakate kuni. Niyonzima hakumpa mkononi. Alilitupa chini kwenye majani makavu, akarudi nyuma hatua mbili.

"Lioshe kwanza, kama alivyosema yule mtaalamu. Jiki ipo pale mlangoni."

Speciosa alishukuru, akapita mlangoni bila kusimama.

Alianza na mti aliopanda marehemu mumewe. Akauchanja gome kidogo, kisha wa pili, hadi yote minane. Alipomaliza aliketi kibarazani, akaanza kuingoja siku ambayo majirani watakuja kumpa pole.